Bunduki ya Midomo Miwili: Habari za Silaha Moja Kuukuu katika Nchi ya Waha

Mazungumzo yetu ni juu ya bunduki moja kuukuu. Hatukusudii kuwafundisha vita wala uwindaji. Twataka kuwaonyesha ya kuwa kipande cha chuma na mti kilichokaa darini miaka mingi chaweza kutupa habari za nchi, kama vile mzee mwenye kumbukumbu njema. Lakini mzee husema mwenyewe, na chuma hunyamaza mpaka aje mtu ajuaye kukisoma.

Tulipata kufika Titye, katika nchi ya Waha, kwenye nyanda za juu za Kigoma. Mzee mmoja alitukaribisha barazani kwake. Tulipokwisha kuamkiana, "Mwakeye", na kuulizana habari za watu na za mashamba, alimwita mjukuu wake alete mzigo uliofungwa katika gunia. Ndani yake mlikuwa na bunduki ya midomo miwili, kasiba mbili zimelazwa ubavu kwa ubavu, kitako chake cha mti kimepasuka na kufungwa kwa waya wa shaba. Nyundo ya mkono wa kuume ilikuwapo. Ya mkono wa kushoto ilikuwa imevunjika, imebaki kisiki tu. Pamoja na bunduki palikuwa na karatasi ya leseni iliyochakaa, yenye jina la baba yake mzee, ambayo muda wake ulikuwa umekwisha zamani sana.

Mzee akasema, "Baba yangu aliniambia ya kwamba bunduki hii ilitoka kwa Mzungu wa kwanza aliyepita Buha akienda Ujiji. Nanyi mmesoma, niambieni kama ni kweli." Mjukuu naye alikuwa na haja yake. Nguruwe mwitu na ngedere walikuwa wakimaliza mahindi ya babu yake, naye alitaka kujua ni wapi atapata nyundo nyingine ili bunduki ifanye kazi tena. Mkononi alikuwa na risasi mbili mpya za marisaa alizopewa na rafiki, akataka kujua kama zitafaa.

Basi tulikuwa na maswali matatu: bunduki hii ni ya zamani gani, kiungo chake kilichovunjika chapatikana wapi, na je, yafaa kupigwa? Maswali haya hayatengani. Mtu asiyejua bunduki yake ni ya nani na ya lini hawezi kuitafutia kiungo, na mtu asiyejua ilijaribiwa kwa baruti gani aweza kupoteza vidole vyake au macho yake kwa siku moja.

Bunduki zilivyoingia Buha

Kwanza tutazame historia. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliliona ziwa hilo mwezi wa Februari 1858, lakini Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kuifungua njia hiyo kabla yao. Misafara ilichukua nguo, shanga na nyaya kwenda bara, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Na bunduki zilikwenda pamoja nayo, kwa ulinzi na kwa biashara.

Karibu zote zilikuwa bunduki za gumegume, au magobori. Mtu hutia baruti kwa mdomo wa kasiba, akaishindilia kwa mdeki, akatia risasi au vipande vya chuma, kisha akatia baruti kidogo pembeni penye tundu. Akivuta, jiwe la gumegume hugonga chuma, cheche huanguka juu ya baruti, na bunduki hulia. Mvua ikinyesha, haina faida. Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki bora yaliziuza hizi kwa bei ndogo, nazo zikaja Unguja kwa maelfu. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja alikadiria ya kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 huingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Henry Morton Stanley alipita Buha mwezi wa Novemba 1871, kwa hesabu yake mwenyewe, akimtafuta Livingstone. Wakati ule Buha ilikuwa na Wami wake na watware chini yao, nao walijua thamani ya njia iliyopita katika nchi yao. Huko Kimenyi mtware mmoja, ambaye Stanley aliliandika jina lake Mionvu, alidai hongo ya doti 100 za nguo. Wakapatana kwa 75. Kesho yake mtware mwingine akadai yake. Stanley, alipoona ya kuwa nguo zitakwisha kabla ya kufika Ujiji, aliwatorosha watu wake usiku kwa njia ya maporini. Hongo hiyo Wazungu waliiita unyang'anyi. Wenye nchi waliiona kuwa ushuru, kama vile kila serikali inavyotoza mpakani mwake.

Tumeieleza habari hiyo kwa sababu Stanley aliandika orodha ya silaha zake. Alikuwa na bunduki 24 za gumegume kwa ajili ya watu wake. Kwa ajili yake na wenzake alikuwa na silaha za namna mbalimbali, na katika hizo ilikuwamo moja ya midomo miwili, isiyo na mifuo ndani ya kasiba, inayotiwa risasi kwa nyuma. Kwa hiyo maneno ya baba yake mzee hayakuwa ya kuchekwa. Bunduki ya namna hii ilipita kweli katika nchi ya Waha mwaka 1871. Ilibaki kujua kama bunduki iliyo mbele yetu yaweza kuwa ya zamani zile.

Jinsi mtambo ulivyobadilika

Umbo la bunduki ni ushahidi wa kwanza. Mwaka 1807 mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, alipata hati ya uvumbuzi wake. Alikuwa mpenda uwindaji wa ndege, naye alichoshwa na gumegume, kwa kuwa ndege waliona mwako wa baruti na kuruka kabla risasi haijawafikia. Yeye alitumia dawa inayolipuka kwa kupigwa tu. Baadaye dawa hiyo ilitiwa katika kikofia kidogo cha shaba, ndiyo fataki, kinachovikwa juu ya kifa, na nyundo hukipiga. Lakini bado bunduki ilishindiliwa kwa mdomo.

Katika miaka ya 1830 Lefaucheux wa Paris alitengeneza bunduki ambayo kasiba zake huinama mbele juu ya bawaba, kama mlango unaofunguka, hata risasi iliyofungwa tayari na baruti yake ikatiwa kwa nyuma. Baada ya miaka thelathini hivi fundi wengine walitia fataki katikati ya kitako cha risasi, na sindano ya chuma ikaipiga hapo. Mwaka 1875 Anson na Deeley wa Birmingham walizificha nyundo ndani ya mtambo, na tangu hapo bunduki nyingi za gharama hazina nyundo zinazoonekana.

Bunduki ya Titye yavunjika kwa bawaba, ina sindano za katikati, na nyundo zake zaonekana nje. Mwanafunzi mwepesi atasema, "Basi ni ya kabla ya 1875." Hapo atakosea. Bunduki za nyundo za nje ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye, hata katika karne ya ishirini, kwa sababu zilikuwa rahisi na watu walizizoea. Umbo hutuambia kwamba bunduki si ya kabla ya mwaka fulani. Halituambii kwamba si ya baada yake. Tofauti hii yafaa kukumbukwa katika kila kazi ya historia.

Chapa zilizo chini ya kasiba

Ushahidi wa pili ni chapa. Tuliifungua bunduki mbele ya mzee, tukahakikisha ya kuwa haina risasi, tukazitoa kasiba katika mti wake, tukafuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Hatukutumia msasa wala mchanga, maana anayesugua kutu kwa nguvu husugua na maandishi.

Yafaa kujua chapa hizo ni za nini. Katika nchi zinazotengeneza bunduki iko nyumba ya majaribio. Kila kasiba hupelekwa huko, ikatiwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ikapigwa. Ikipasuka, hutupwa. Ikistahimili, hupigwa chapa. London chama cha mafundi wa bunduki kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813. Chapa zao zina taji na herufi. Katika mji wa Liège, nchi ya Ubelgiji, amri ya kwanza ya majaribio ilitolewa mwaka 1672. Tangu mwaka 1810 chapa kubwa ya Liège ni umbo la yai, na ndani yake herufi E, L na G juu ya nyota.

Chini ya kasiba za bunduki ya Titye tuliliona yai hilo, na herufi zake, na nyota yake. Na juu ya yai palikuwa na taji ndogo.

Taji hiyo ndiyo iliyotoa hukumu, kwa maana iliongezwa juu ya chapa ya Liège mwaka 1893. Stanley alipita Buha mwaka 1871, naye Livingstone alifariki mwaka 1873. Bunduki iliyojaribiwa mwaka 1893 au baada yake haikuweza kuwa mabegani mwa mtu ye yote katika msafara ule. Tena tulitafuta herufi ya mwaka, kwa kuwa tangu 1922 nyumba ya Liège ilianza kupiga herufi moja kwa kila mwaka, na hatukuiona. Basi twakisia kwamba bunduki ilitoka Liège kati ya 1893 na 1921.

Ilifikaje Titye? Hapa yatupasa kwenda polepole. Mwaka 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao ulizuia bunduki kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu latitudo 20 kaskazini hata 22 kusini. Gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida ziliachiwa nafasi. Bunduki bora zilitolewa kwa watu wenye ruhusa tu, zikaandikwa na kutiwa alama. Ndiyo sababu vijijini magobori yalikuwa mengi, na bunduki za kuvunja zilikuwa chache, mikononi mwa maofisa, wamisionari, wafanya biashara na wakubwa wachache.

Liège ilikuwa kiwanda cha dunia, na bunduki zake ziliuzwa kila mahali. Mdachi, Mhindi au Mwarabu angeweza kuwa nayo. Lakini iko njia moja iliyo karibu zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma mwezi wa Julai 1916, na mwezi wa Septemba yakaingia Tabora. Baada ya hapo nchi ya Waha ilikaa chini ya Wabelgiji mpaka mwezi wa Machi 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza. Muda wa miaka karibu mitano maofisa, karani na wachuuzi walipita kati ya Kongo, Urundi, Kasulu na Kibondo. Kama bunduki ya Kibelgiji ilibadili mkono na kubaki Titye, wakati ule ulikuwa wakati wake. Twasema "kama", wala hatusemi "ndivyo". Chapa hutuambia mahali bunduki ilipojaribiwa, si njia iliyopita.

Mzee alisikiliza yote haya akiwa kimya. Kisha akasema, "Basi baba yangu hakusema uongo. Alisema alivyoambiwa." Tukaona ya kuwa amesema kweli. Habari za mdomo huhifadhi mambo makubwa: kwamba Mzungu alipita, kwamba bunduki ilitoka kwa Mzungu, kwamba jambo lile lilikuwa la kukumbukwa. Zinapokosea, mara nyingi hukosea kwa kuyaunganisha mambo mawili yaliyo mbalimbali.

Nyundo iliyovunjika

Sasa haja ya mjukuu. Watu wengi hudhani ya kuwa kiungo cha bunduki hununuliwa kama mnyororo wa baiskeli: utaje jina, upewe, ufunge. Kwa bunduki za siku hizi zinazotoka kiwandani jambo hilo karibu ni kweli. Kwa bunduki kama hii si kweli kabisa. Katika Liège ya zamani kazi iligawanywa kati ya watu wengi, na wengi walifanya kazi nyumbani mwao. Wafua kasiba walikaa katika bonde la mto Vesdre. Mwingine alitengeneza mitambo, mwingine mti wa kitako, mwingine alichora maua juu ya chuma. Kila kiungo kilikatwa kwa tupa mpaka kikamwelea mwenzake. Nyundo ya bunduki moja haikai juu ya bunduki ya pili, ijapokuwa zote mbili zimetoka kwa fundi yule yule.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kama bunduki yenyewe ni nzima, yaani viungo vyake vyote vilizaliwa pamoja. Mafundi walipiga namba ndogo juu ya vipande vya bunduki moja ili visichanganyike karakanani. Tulitazama chini ya kasiba, chini ya kibao cha mbele na juu ya chuma cha mtambo, tukaona namba moja ile ile mahali pote patatu. Hiyo ni heri kubwa, kwa kuwa bunduki nyingi kuukuu zimeungwa kwa maiti za bunduki mbili au tatu.

Kazi ya pili ni kupima. Nyundo hukaa juu ya kipande cha pembe nne kinachotokeza katika mtambo, ikakazwa kwa parafujo. Yapasa kupima upana wa tundu hilo la pembe nne, umbali kutoka katikati ya tundu hata mdomo wa nyundo unaopiga sindano, na unene wa shingo yake. Nyundo ya kuume haiwezi kuhamishiwa kushoto, maana ni kama mkono na mkono. Lakini ni kielelezo kizuri, kwani ya kushoto ni sura yake katika kioo.

Tulipokuwa tukichora vipimo hivyo, mzee aliingia ndani akarudi na kopo la majani ya chai. Mlikuwamo kipande cha nyundo kilichovunjika. Marehemu mke wake alikiokota na kukihifadhi. Tulishangilia, kwa kuwa hakuna kielelezo kishindacho kiungo chenyewe. Asomaye maneno haya na ashike: kitu cha zamani kikivunjika nyumbani mwako, usitupe kipande, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama.

Kiungo chaweza kupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta nyundo kuukuu kwa wauzaji wa viungo vya bunduki za zamani walioko Ulaya, na kuikata kwa tupa mpaka ikae. Njia hii yataka ruhusa ya kuingiza kiungo cha silaha. Ya pili ni kuitoa katika bunduki nyingine iliyokufa. Lakini kuua bunduki moja yenye historia ili kuponya nyingine ni biashara ya hasara. Ya tatu ni kumpa fundi mwenye leseni ya kazi hiyo afue nyundo mpya kwa kielelezo cha kipande cha zamani. Waha walikuwa wafua chuma hodari tangu kale, na majembe yao yalijulikana. Haja ya mkono stadi ipo, ila kazi ya bunduki haifanywi na fundi asiye na kibali. Na afanyaye nyundo mpya na aipige alama kuonyesha kwamba ni mpya, ili mtu wa kesho asidanganyike kama wa jana.

Risasi mbili za mjukuu

Tumeliacha mwisho jambo lililo kubwa kuliko yote. Mjukuu alitoa risasi zake mbili, akatia moja katika kasiba ya kuume kabla hatujamzuia. Iliingia vizuri, kama kidole katika pete. Akatabasamu. Tukamwomba aitoe polepole, aiweke mbali, na aketi.

Ukubwa wa bunduki za marisaa huhesabiwa kwa njia ya zamani. Chukua ratili moja ya risasi, yaani gramu 453.6, uigawe kuwa mipira 12 iliyo sawa. Mpira mmoja utakuwa na gramu 37.8, na kasiba inayouenea kamili huitwa ya namba 12; upana wake ni milimeta 18.5 hivi. Ukiigawa kuwa mipira 16, kasiba ni ya namba 16, nayo ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo namba kubwa ni kasiba ndogo. Bunduki ya Titye ilikuwa na namba 12 katika chapa zake, na risasi za mjukuu zilikuwa za namba 12. Mpaka hapo zilikuwa sawa.

Lakini chumba cha risasi katika bunduki hii, tulipokipima, kilikuwa na urefu wa milimeta 65. Risasi zile zilikuwa za milimeta 70. Zaingiaje? Kwa sababu mdomo wa risasi mpya umekunjwa, hata huonekana fupi. Ikipigwa, mkunjo hufunguka, nao huingia mahali kasiba inapoanza kuwa nyembamba. Njia ya marisaa huzibana, na nguvu ya moshi hupanda ghafula. Vivyo hivyo ni hatari kutia risasi ya namba 20 katika bunduki ya namba 12: huteleza mbele, mtu akadhani hakutia kitu, akatia ya pili nyuma yake. Ndiyo sababu risasi za namba 20 hutengenezwa zikiwa na rangi ya manjano.

Tena liko jambo la baruti. Kasiba hizi zilikuwa na mistari mizuri kama mawimbi ya maji. Ni kazi ya kusokota nyuzi za chuma na pua pamoja, kuzizungusha, na kuzifua mpaka ziwe mwanzi mmoja. Kasiba za namna hii zilifanywa kwa baruti nyeusi ya kale. Baruti isiyo na moshi ilivumbuliwa na Vieille wa Ufaransa mwaka 1884, nayo ndiyo iliyomo katika risasi za siku hizi. Kasiba za Liège zilizojaribiwa kwa baruti hiyo zilipigwa chapa ya simba na herufi PV. Tulitafuta chapa hiyo kila mahali chini ya kasiba. Haikuwapo. Na ndani, tulipotazama kwa mwanga wa jua, kutu ilikuwa imechimba vishimo karibu na chumba, mahali pale pale mkono wa kushoto wa mpiga bunduki hukaa.

Tukamwambia mjukuu waziwazi, "Nyundo ikipatikana, bunduki itaonekana nzima, na siku hiyo itakuwa na hatari zaidi ya leo. Leo imevunjika, nayo inakulinda."

Yaliyofuata

Lilibaki jambo la sheria. Mtoto harithi leseni ya baba yake kama arithivyo shamba. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yataka mwenye bunduki awe na leseni yake mwenyewe. Katika mkoa wa Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu miaka ya 1990 vita vya nchi jirani vilileta wakimbizi wengi Kasulu na Kibondo, na katika machafuko hayo silaha nazo zilivuka mipaka. Umoja wa Afrika umeuweka mwezi wa Septemba kila mwaka uwe wakati wa kusalimisha silaha zisizo halali kwa hiari. Mtu mwenye bunduki kuukuu asiyeitangaza aweza kuhesabiwa pamoja na mnyang'anyi, ijapokuwa yeye ni mlinzi wa mahindi tu.

Mzee alifikiri muda mrefu. Mwisho alisema hataki mjukuu wake afungwe kwa ajili ya chuma cha marehemu. Tulimshauri asiibebe bunduki njiani mwenyewe. Atoe kwanza taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kwa polisi, aonyeshe leseni ya zamani, na aombe bunduki iharibiwe mtambo na kuhifadhiwa kama kumbukumbu, ikiwa sheria yaruhusu. Na kama hairuhusu, basi habari zake zibaki. Tuliandika karatasi moja yenye picha ya chapa zote, vipimo vyote, namba, na maneno ya mzee kama alivyoyasema, tukampa mjukuu aitunze. Nyundo iliyovunjika ilirudi katika kopo lake la chai.

Mjukuu hakufurahi sana, nasi hatumlaumu, kwa kuwa nguruwe mwitu hawasomi historia, na usiku ule ule walirudi shambani. Lakini asubuhi alikuja na karatasi ile akauliza swali ambalo hatukulitarajia: ni wapi hasa Stanley alipotorokea usiku, na kama njia ile yapita karibu na kwao.

Ndugu wasomaji, katika nyumba zenu vimo vitu vya namna hii: jembe la kale, sarafu yenye tai, saa isiyokwenda, kengele ya misheni, labda bunduki. Kabla ya kukiuza kwa mchuuzi wa vyuma chakavu, kigeuze, utazame chini yake. Nakili alama unazoziona. Muulize mzee wako kilitoka kwa nani, nawe uyaandike maneno yake yote, hata yale unayodhani amekosea.

Na kikiwa ni bunduki, usijaribu kuipiga.